Jiwe la Kuogea

Kazi yangu kwenye reli ilikuwa ya karakana, na karakana ilinifundisha jambo moja kubwa: usitoke bila kipuri. Kwa miaka yote niliyofanya kazi Tabora, na ile niliyokaa Kaliua pale njia ya Mpanda inapochepuka kutoka njia ya Kigoma, sikulala vizuri kama stoo ilikuwa na pengo. Taa moja ikiwaka, nyingine iwe sandukuni. Nyundo moja ikiwa mkononi, ya pili iwe ukutani. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba siku yangu ikifika nitaomba nizikwe na jeneza la akiba.

Kwa hiyo nilipostaafu, mke wangu akiwa ameshatangulia, wazo la kwenda kuishi peke yangu kwenye kiwanja cha mama halikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni chumba cha wageni nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Cheyo, Tabora mjini. Ni chumba kizuri, kina feni na kitanda cha mninga, na binti yangu hana baya lolote. Lakini mle ndani nilikuwa nakaa nikisubiri kuitwa chakula. Niliona wazi kwamba nikibaki pale nitakufa nikiwa mgeni, na wazo hilo lilinikosesha raha kuliko uzee wenyewe.

Tulibishana sana. Binti yangu ni mwalimu, kubishana ndiyo kazi yake. Mwishowe tukakubaliana: nikae huko kiangazi kimoja na masika yake, mpaka kiangazi cha pili kiishe. Nikiweza kujilisha kwa ardhi ile, bila gunia lolote kutoka mjini, hatanisumbua tena. Nikishindwa, narudi Cheyo na sitafungua mdomo.

"Lakini nakujua, baba," alisema. "Ukishindwa utanificha."

"Sitakuficha."

"Nitakuja kuangalia mwenyewe. Nitakuja na gari tupu, ili tusipate taabu ya kubeba vitu vyako."

Kwetu ni upande wa Sikonge, ndani kidogo ya barabara ya vumbi, ambako miti ya mitundu na mininga bado imesimama katikati ya mashamba ya tumbaku. Chini ya kiwanja inapita njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara. Siku hizi wanapita watu wa asali na baiskeli zao, madumu yamefungwa kwa mipira kila upande, na kengele zao unazisikia kabla hujawaona. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba babu yake alipita pale na mzigo kichwani akitoka pwani, akaomba maji, akapewa na viazi, na safari yake ikaishia hapo. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba nikiwa mtoto nilikuwa nakaa kando ya njia ile nikiwasubiri wapagazi, nikiamini mmoja wao amechelewa.

Nyumba ya mama ilikuwa imeshaanguka. Udongo wake ulikuwa umerudi chini, na juu yake yameota majani. Nilisimama pale siku ya kwanza nikatafuta mahali pa jiko, mahali pa kihenge, mahali tulipolala. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Kitu pekee kilichokuwa bado mahali pake ni jiwe la kuogea.

Ni jiwe bapa, pana, nyuma ya ilipokuwa nyumba. Mama alikuwa amelizungushia ua wa mabua ya mtama, na jioni alituogesha pale mmoja baada ya mwingine, akitusugua kama sufuria zilizoungua. Hakuna kitu nilichokichukia kama jiwe lile. Upepo wa Juni ulipita kwenye mabua na kutukata mgongo. Wenzetu waliruhusiwa kuoga bwawani mchana, jua likiwa kali, wakarudi wamekauka. Sisi tukithubutu, mama alituangalia miguu, akaona matope ya bwawani, akauliza swali lake lile lile kila siku: "Maji yako umempelekea nani?"

Sikuwahi kujua jibu lake. Nilidhani ni uchoyo wa mtu aliyeteka maji mbali. Leo ningetoa feni, kitanda na mninga wake ili niulizwe swali lile mara moja tu.

Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, bati, mfereji wa kukusanya maji ya mvua na tangi. Ndani niliweka bafu la saruji lenye bomba linalopeleka maji machafu kwenye shimo chini ya ardhi, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitaoga tena kwenye upepo. Matofali yaliyobaki nikayapanga juu ya jiwe la mama. Halafu nikajaza stoo. Majembe mawili, mashoka mawili, taa ya sola na nyingine ya mafuta ya taa kama sola itagoma. Viberiti kwenye kopo lenye mfuniko. Chumvi ya kutosha kuolea. Nikafuma kihenge kipya, nikakitia udongo ndani na nje, na maharage nikayachanganya na majivu kama nilivyomwona mama akifanya ili yasibunguliwe. Nilikuwa najifunza upya kwa kukumbuka, na kila nilichokumbuka kilinifurahisha kama nimekiokota.

Mtu aliyekuwa akilima shamba la mama kwa ruhusa yetu alihamia Igunga, akaniachia matuta ya viazi vitamu ambayo yalikuwa tayari. Hapo ndipo ufundi wangu wa karakana ulipong'aa. Nilichimba matuta yale mpaka chini. Nilichekecha udongo kwa vidole. Hakuna kiazi kilichobaki ardhini, hata vile vya ukubwa wa kidole gumba nilivifuata. Nikavimenya, nikavikata vipande vyembamba, nikavianika juu ya mwamba, nikapata michembe ya kujaza magunia. Marando, ile mikono mirefu ya viazi inayotambaa juu ya tuta, nikawapelekea mbuzi wa jirani na mengine nikachoma. Shamba likabaki safi kama meza. Nilisimama nikalitazama nikajiona mtu.

Jirani yangu mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa njia akinitazama. Ni mjane wa rafiki yangu wa utotoni, mama wa Kimoravian mwenye sauti ya kwaya, na kwa sababu ya mumewe ananiita shemeji.

"Shemeji, unavuna au unazika?" aliuliza.

"Navuna. Sitaki kitu kipotee."

"Naona." Akafungua mdomo kana kwamba ana la kuongeza, halafu akasema, "Haya, Mungu akubariki," akaenda zake.

Siku zile za mwanzo alikuwa akija. Asubuhi alipita na salamu yake ya "mwangaluka", akaomba chumvi kidogo au kiberiti, nami nikampa kwa moyo mweupe, maana nilikuwa navyo. Siku ya pili yake alileta mboga au maziwa ya mgando, na kusimama mlangoni akiniuliza kama nina shida yoyote. Jibu langu lilikuwa moja: "Hapana, shemeji, nina kila kitu." Nililisema kwa fahari. Nilitaka ajue kwamba mzee huyu hatakuwa mzigo kwa mtu. Polepole akaacha kuja. Wengine nao wakaacha. Nilidhani wananiheshimu.

Kiangazi kilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Nilikula michembe niliyoichemsha na karanga zilizotwangwa, na harufu yake ikanirudisha kwenye mkeka wa mama, sisi sote tukichota chungu kimoja, naye akila mwisho. Jioni nilisikiliza redio, nikawasikia watu wa mjini wakilalamika bei, nikatabasamu. Lakini kulikuwa na saa, hasa jua linapozama na moshi wa majiko ya wenzangu unapopanda kwenye miti, ambazo nilijikuta nazungumza na tangi la maji. Nasema kweli. Nililisimulia habari za Kaliua.

Mvua zikaja. Nikatoa mbegu zangu kwenye makopo: mahindi, maharage, karanga, njugu mawe, maboga. Nikapanda kwa mistari. Nikainua matuta ya viazi, marefu, yamenyooka kama reli, nikanawa mikono na kwenda stoo kuchukua mbegu ya viazi.

Nilifungua kopo baada ya kopo, halafu nikakumbuka.

Kiazi kitamu hakina mbegu ya kuweka koponi. Mbegu yake ni rando lenyewe, likiwa bichi, hai, lina maji. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu nikiwa mtoto, kama ninavyojua kwamba kuku hutaga. Lakini kwetu marando ni mambo ya wanawake, na wanaume tulioinua matuta tulikuta tu siku ya kupanda mzigo wa marando umewekwa kando ya shamba, umelowana, uko tayari. Sikuwahi kuuliza ulitoka wapi. Na sasa nilikuwa na majembe mawili na mashoka mawili, na hicho kimoja ambacho hakina kipuri nilikuwa nimewalisha mbuzi.

Nilijiambia mahindi yatatosha. Mvua ikakatika katikati ya msimu, jua likawaka kana kwamba ni Septemba, na mahindi yangu yakajikunja majani. Nilipita mstari kwa mstari nikiyagusa. Nusu yake isingefika popote, na michembe ilikuwa inaelekea chini ya gunia. Akilini nikaliona gari tupu la binti yangu likipanda kutoka njiani. Kitanda cha mninga nikakiona pia.

Nilikwenda sokoni Sikonge kwa baiskeli kutafuta marando ya kununua. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matembele alinitazama, akaniuliza, "Baba, huna jirani?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza tu.

Basi siku iliyofuata nikavaa shati safi, nikaenda kwa jirani. Nilimkuta anapepeta. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha.

"Shemeji," nilisema, "nimekuja kwa ajili ya marando. Niambie bei yako, nina hela hapa."

Aliacha kupepeta. Uso wake ulibadilika, na nikajua nimekosea bila kujua nimekosea wapi.

"Bei," alisema.

"Sitaki kukutia hasara."

"Shemeji, nilipokuomba chumvi uliniuzia?"

"Hapana."

"Sasa mimi nikuuzie marando, mwakani nikija kwako utaniuzia? Tutaishi vipi hapa, kwa kutoleana risiti?" Alikung'uta ungo, akauweka chini. "Rudisha hela yako mfukoni. Halafu sema tena vizuri."

Ni jambo dogo sana, kuomba. Mtoto anaweza. Nilikaa kwenye kile kigoda, mimi niliyeongoza vijana karakana nzima, na maneno yakanikwama kama michembe mikavu. Nilikuwa nimetoka mjini ili nisimwombe mtu chochote. Ndiyo ilikuwa raha yote ya safari ile.

"Naomba marando, shemeji," nilisema. "Sina."

"Hapo sasa," alisema, na sura yake ikarudi. "Njoo."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ua wa mabua, ndani yake jiwe la kuogea, na kutoka kwenye jiwe mfereji mdogo wa maji uliochimbwa kwa kisigino ukielekea kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Pale marando yalikuwa yamejaa, manene, ya kijani, yamepandana. Alinionyesha kwa kidole yanakoanzia na maji yanakopita, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nasikiliza. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimesimama uchi kwenye upepo wa Juni, na mama ananisugua shingo.

Maji yako umempelekea nani.

"Haya ni ya mama yako," jirani alisema. "Vile viazi vyake vyeupe, ndani vya njano, vikavu. Alinipa mwaka nilioolewa. Kiangazi kikiwa kibaya kwangu yakakauka, nilikwenda kwake nikaomba. Yakikauka kwake, alikuja hapa. Hatukuwahi kukaukiwa wote wawili. Tangu amefariki nimebaki nayo peke yangu, na kila kiangazi naoga hapa naogopa. Yakinikaukia mimi, nakwenda kwa nani?"

"Uliniona nachimba," nilisema. "Uliniona nikiyachoma. Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kama una shida, shemeji. Uliniambia una kila kitu."

Akainama, akaanza kukata, na kila rando alilokata alilipima kwa mkono wake kuanzia kiganja hadi kiwiko, namna mama alivyokuwa akipima. Alinifungia mzigo kwa kamba ya gome, akaniwekea begani. "Ukivuna, vidogo viache ardhini," alisema. "Mvua ikija vinaota vyenyewe. Na lile jiwe la mama yako bado lipo?"

"Lipo. Nimepanga matofali juu yake."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilipanda viazi siku ile ile. Mvua ikarudi, haba lakini ya kutosha, na matuta yangu yakafunikwa. Nikahamisha matofali, nikazungushia jiwe ua wa mabua, nikachimba mfereji kwa kisigino. Kilipofika kiangazi nilivuna, vidogo nikaviacha, ingawa mkono wangu ulikuwa unawasha kuvifuata. Nikaanika michembe. Na kila jioni nikaoga nje. Upepo wa Juni haujabadilika. Nilisimama juu ya jiwe, mzee mzima, meno yanagongana, maji yakishuka mgongoni kwangu na kwenda kwa marando ya mama, na sikumbuki furaha nyingine ya uzee wangu inayolingana na ile.

Binti yangu alikuja mwisho wa kiangazi, na gari tupu kama alivyoahidi. Nilimpa viazi vya kuchemsha na maziwa. Alikagua kihenge, akafungua makopo, akapima michembe kwa macho. Alikula, na nikaona kwamba ananitafutia kosa kwa upendo.

"Chakula kipo, baba," alisema mwishowe. "Sikatai. Lakini uko peke yako. Ukianguka humu ndani, nani atajua? Mimi nalala Cheyo nakuwaza."

Nilijua hilo ndilo swali lake lote, na kwamba michembe haiwezi kulijibu. Nilikuwa bado nalitafutia maneno tuliposikia hodi.

Alikuwa jirani yangu. Hakuwa na sauti ya kwaya siku hiyo. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba bila kumtazama sawasawa.

"Shemeji," alisema, "ng'ombe wa wapitaji wameangusha ua wangu. Wamekula mpaka mzizi. Nimekuja kuomba marando."

Alilisema vizuri, bila kukwama, kama mtu aliyezoea. Niliinuka, nikachukua kisu, nikampeleka nyuma. Binti yangu akatufuata. Nilikata nikipima kwa kiganja hadi kiwiko, nikafunga mzigo kwa kamba ya gome, na jirani yangu akaupokea kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Hakujificha, na mimi pia sikujificha. Yale marando yalikuwa yamebaki kwangu tu, na kwangu yalikuwepo.

"Kesho nitapita nikuone," aliniambia akiondoka.

"Pita mapema. Sina kiberiti," nilisema. Ndani nilikuwa na kopo zima.

Binti yangu alisimama kwenye ule ua kwa muda, akitazama mfereji mdogo unavyotoka jiweni. Gari lake akaliacha tupu. Jua lilipokaribia kuzama alitoka chumbani na taulo begani, akanikuta jikoni.

"Baba, nioge wapi, bafuni?"

"Bafuni kuna saruji nzuri," nilisema. "Ila maji yako utampelekea nani?"

Akachukua ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba, na muda si muda nikamsikia akilalamika baridi, pale pale nilipokuwa nalalamika mimi.